Ukija Kliniki, Njoo na Bibi



Sisi wahamasishaji wa afya tuna kosa moja tulilolizoea. Tunabisha hodi, tunamkuta bibi amempakata mtoto, na swali letu la kwanza ni: "Mama yake yuko wapi?" Tukiambiwa yuko kwenye foleni ya mgao, tunaandika kwenye daftari kwamba hatukukuta mtu, tunakwenda nyumba inayofuata. Hatukukuta mtu! Na bibi ameketi pale pale mkekani.

Nasema hivi kwa sababu nami nimelifanya. Siku moja nilimfundisha mama kijana kuchanganya dawa ya kuharisha, zile pakiti za ORS. Alielewa vizuri. Siku ya tatu mtoto akarudi zahanati amelegea zaidi. Kumbe mchana mtoto hushinda na bibi, na bibi alikuwa akigawa pakiti: nusu kwenye kikombe asubuhi, nusu jioni. Hakutaka kuipoteza. Hakuna aliyemwambia kwamba pakiti nzima huingia katika lita moja ya maji safi, na kwamba yakipita saa 24 yanamwagwa. Maji yenye chumvi nyingi mno humdhuru mtoto. Vidonge vya zinki navyo alivisimamisha kuhara kulipokoma, akavifunga kwenye kitambaa vimfae siku nyingine. Aliyewahi kukimbia na kuacha kila kitu huweka akiba, hilo usimlaumu. Lakini zinki humezwa siku 10 hadi 14, hata kama mtoto amepona.

Jambo la maji kwa mtoto mchanga ni hilo hilo. Tunawaambia akina mama: miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu, wala si maji. Bibi anaona jua kali, anamwonea huruma mjukuu, anampa vijiko viwili vya maji kama alivyowalea wanawe. Je, mke wa mwanawe atamwambia kwamba amekosea? Hawezi. Ila bibi akielezwa yeye mwenyewe, kwa heshima, atalisimamia neno hilo kuliko sisi wote.

Wala usidhani bibi ni wa kusaidia tu. Hapa Nyarugusu wapo watu waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 wakiwa mgongoni mwa bibi zao, na leo wenyewe ni wazazi. Waliokuja kutoka Burundi mwaka 2015 nao wanajua habari hiyo. Wazee hawa ndio wanaokula mwisho, wakisema wameshiba, ili sahani ya mjukuu ijae. Ndio wanaoacha dawa ya presha wakijisikia nafuu, na presha haina desturi ya kupiga hodi.

Nani atamkumbusha mzee? Mwanawe anaona haya kumwamrisha. Lakini mjukuu ana ruhusa! Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na huyo mke mdogo anaweza kusimama mlangoni, mkono kiunoni: "Mume wangu, umemeza dawa?" Babu atacheka, na atameza. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kusoma kwenye bahasha ya dawa kwamba 1x2 ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na tarehe ya kurudi pia. Dawa zenyewe ziwekwe juu, mbali na wadogo. Kazi ya mjukuu ni kusoma na kukumbusha, kuzigawa ni kwa mtu mzima.

Kwa hiyo siku ya kupima uzito, njoo na bibi, awe unamwita koko au nyogokuru. Kama miguu haimruhusu, mwambie mhamasishaji wa kijiji chako ni saa ngapi anapatikana nyumbani, aje arudie somo mbele yake. Naye bibi achanganye pakiti mwenyewe, tukitazama. Na mhamasishaji akikuuliza tena mama yuko wapi, mwonyeshe aliyeketi mkekani.