Mtambo Unaosema na Kusikia kwa Wakati Mmoja

Askari aliyezoea redio ya mkononi anaijua kanuni yake: anayesema hasikii. Ndiyo maana husema "ova", kisha huachia kitufe. Katika soko la Mpondwe, karibu na Bwera, mambo ni yayo hayo: mchuuzi anayenadi bidhaa kwa sauti kuu hasikii bei anayonong'onezwa na mnunuzi.

Lakini upo mtambo usioweza kungoja zamu, nao ni kipima-kimo cha redio cha ndege. Rubani anayeshuka kuelekea Kasese, mawingu ya Rwenzori yakiwa yametanda, hana budi kujua umbali uliobaki kufika ardhini. Kipima-kimo hurusha mawimbi mfululizo kati ya megahezi 4,200 na 4,400, huku kikipandisha na kushusha masafa kwa mpango. Mwangwi urudipo kutoka ardhini, masafa yanayorushwa yamekwisha kusogea; tofauti hiyo ndiyo huonyesha kimo.

Taabu ni kwamba antena ya kurushia na ya kupokelea ni majirani chini ya ndege. Baadhi ya mawimbi huvuja moja kwa moja kutoka ya kwanza kwenda ya pili, yakaufunika mwangwi dhaifu au yakajifanya ardhi iliyo karibu mno.

Dawa mojawapo ni kuchukua sehemu ndogo ya mawimbi yanayorushwa, kuyapindua, na kuyaingiza katika kipokezi. Kilele cha wimbi hukutana na bonde la jingine, yote mawili yakafutana. Kazi hiyo yataka usahihi mkubwa: ukubwa wa wimbi ukikosewa kwa asilimia 3 tu, takriban sehemu 1 kati ya 1,000 ya nguvu iliyovuja hubaki. Tena joto na unyevu hubadili uvujaji. Hivyo mtambo sharti ujirekebishe daima.

Hatari ya kipimo cha uongo ilionekana karibu na Amsterdam, tarehe 25 Februari 2009. Kipima-kimo kimoja cha ndege ya Turkish Airlines kilionyesha futi 8 chini ya ardhi, ilhali ndege ilikuwa bado juu angani. Mitambo ikapunguza nguvu za injini, ndege ikaanguka, watu 9 wakafa. Wachunguzi wa Uholanzi hawakuweza kuthibitisha chanzo cha kosa hilo. Kwa hiyo fundi hukagua antena na nyaya zake, naye rubani hulinganisha vipimo vyake vyote, wala hategemei kimoja pekee.