Barabara za Kakamega bado zinaipendelea Pijo 504

BMW M5 ya kizazi cha F90, iliyozinduliwa 2017, ina injini ya V8 ya lita 4.4, turbo mbili na nguvu za farasi 600. Ikiwa imesimama, hufikia kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4. Si ajabu kijana wa Kakamega akizisoma takwimu hizo kwenye simu na kulitamani gari hilo.

Kuna saluni nyingine ya Ulaya inayostahili kuwekwa kando yake: Peugeot 504, iliyotoka 1968, ambayo Wakenya wengi waliijua kwa jina la Pijo. Ile ya injekisheni, yenye injini ya cc 1,971, ilikuwa na nguvu za farasi mia moja na ushei. Kwa hesabu ya leo ni kidogo mno. Lakini ni 504 iliyompa Ove Andersson wa Sweden na mwelekezi wake, Arne Hertz, ushindi wa Safari Rally mwaka 1975, enzi ambazo mbio hizo zilikata maelfu ya kilomita katika barabara za umma, kwenye vumbi na tope.

Siri haikuwa injini. Katika saluni hiyo, kila gurudumu la nyuma lilipanda na kushuka peke yake, na springi zilikuwa na nafasi kubwa ya kujikunja kabla ya bodi kugonga. Dereva alipita kwenye mashimo bila kuondoa mguu kwenye mafuta.

Halafu kuna tairi. M5 yenye rimu za inchi 20 huvaa mbele tairi za 275/35, yaani kutoka ukingo wa rimu hadi lami kuna ubavu wa milimita 96 hivi. Tairi za 504, za upana wa 175 kwenye rimu za inchi 14, zilikuwa na ubavu wa karibu milimita 140. Tofauti hiyo ndiyo huamua kama shimo lililojaa maji litapitwa au litapinda rimu, na Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mashimo ya aina hiyo hayaonekani mpaka gurudumu litumbukie.

Kwa hiyo, kati ya matuta ya barabara ya Chavakali na murram ya msitu wa Kakamega, 504 ndiyo gari la kasi zaidi kwa maana iliyo na faida: kasi ambayo dereva anaweza kuitumia.

Kwa usalama hakuna ubishi. Breki za M5, mikoba yake ya hewa na mfumo wa kuzuia kuteleza ni vitu ambavyo 504 ya Andersson haikuwa navyo, na anayebeba watoto usiku kwenda Webuye achague gari jipya bila kusita.

Ila asilipie anasa ya rimu kubwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo M5 za mtumba zinazoweza kuletwa si nyingi, na mnunuzi hushawishika kuchukua yoyote inayong'aa. Atafute yenye rimu za inchi 19 na tairi za 275/40: ubavu unafika milimita 110, na gari linabaki na farasi wake wote 600.