Sanduku Lililofungwa na Talanta Iliyofukiwa



Katika karakana ya useremala ya shirika letu, mashine ya randa imesimama tangu Kwaresima. Mota yake ni nzima, visu vyake ni vikali, mkanda haujakatika. Kilichokufa ni sanduku dogo la gia, ambalo mafundi wetu huliita bwati, lenye kazi ya kuzungusha roli zinazouvuta ubao na kuupeleka kwenye visu. Mwenye duka aliyetuuzia mashine hiyo ametujibu kwa maneno machache: sanduku hilo halifunguliwi, hubadilishwa zima, na jipya lapaswa kuagizwa ng'ambo. Kamati imegawanyika. Wengine wanataka mchango mwingine uanzishwe, na wengine wanataka mashine iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wakati huohuo vijana ambao wazazi wao wamelipa karo ya mwaka mzima wanasukuma randa ya mkono kutwa, nao wamekuja kujifunza mashine.

Naona sanduku hilo lifunguliwe hapa kwetu, na lifunguliwe na vijana hao wenyewe, mbele ya fundi mzee mwenye kujua kazi hiyo.

Tulipime kwanza neno hilo, "halifunguliwi". Sanduku la gia liliunganishwa kipande baada ya kipande, kwa mpango. Kilichoingia mwisho kitatoka kwanza. Kweli, lilifungwa kwa sababu njema: unga wa mbao ni adui wa gia, na grisi iliyotiwa kiwandani ilikusudiwa kudumu humo muda mrefu. Sina ugomvi na aliyelifunga ili vumbi lisiingie. Lakini kulifungia vumbi ni jambo moja, na kumfungia mwenye mali ni jambo jingine.

Sanduku la namna hii hukataa kufunguka kwa sababu chache zinazojulikana. Mara nyingi ipo skurubu moja isiyoonekana, iliyofichwa chini ya karatasi ya nembo au chini ya kizibo cha plastiki. Pengine ipo pete ya chuma yenye kubana, iliyojificha nyuma ya ile pete ya mpira inayozuia mafuta kwenye mhimili. Nusu mbili za sanduku huwa zimegandishwa kwa gundi, tena zimeshikwa na pini mbili za chuma zinazozilinganisha, nazo hupata kutu. Na hata hayo yote yakiisha, beringi iliyoingizwa kwa kubanwa bado hushikilia. Anayevuta kwa nguvu bila kujua ni lipi kati ya hayo linaloshikilia, anapigana na kitu asichokiona.

Hapo ndipo bisibisi hupachikwa kati ya nusu mbili na nyundo ya chuma ikaitwa. Alumini ni laini. Mkwaruzo mmoja kwenye uso ule uliosawazishwa watosha kufanya mafuta yavuje hata baada ya matengenezo mazuri. Fundi mwenye adabu huanza kwa kukata umeme na kufuta uchafu wote wa nje. Kisha huweka alama pande zote mbili, ili zirudi zilivyokuwa, na kupiga picha kwa simu kila hatua. Hutia mafuta ya kupenya kwenye pini na kwenye skurubu zenye kutu, akayaacha usiku kucha, kwani mafuta hayo hufanya kazi sisi tukiwa tumelala. Hutafuta pia matundu yenye hesi yasiyo na skurubu: baadhi ya watengenezaji huyaacha makusudi, ili bolti ikikazwa humo izisukume nusu mbili zitengane sawasawa. Yasipokuwapo, hugonga kwa nyundo ya mti kuzunguka ukingo, kidogo huku na kidogo kule. Beringi ikikataa, hupasha moto sanduku, si beringi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha pua, kwa hiyo nyumba hulegea kabla ya mgeni aliyemo. Hewa ya moto yatosha. Moto wa wazi katika chumba chenye unga wa mbao ni kutafuta maafa.

Nimefundishwa kufundisha, na naona katika saa hizo mbili au tatu somo ambalo ubao na chaki havilitoi: kijana anajifunza kusema "bado sijajua panaposhikwa" pasipo aibu, kisha akatazama tena.

Na ndani tutakuta nini? Huenda tukakuta beringi iliyosagika, na beringi huandikwa namba ubavuni. Yenye namba 6204, kwa mfano, ina milimita 20 kwa tundu, 47 kwa upana wa nje na 14 kwa unene, ikiwa imetengenezwa Ulaya au China, ikiwa imetoka kwenye pikipiki au kwenye pampu. Kitu kama hicho hakihitaji meli, hutafutwa sokoni. Huenda tukakuta gurudumu la shaba lililolika meno. Hilo ni gumu zaidi, lakini tutaweza kuhesabu meno yake na kumpelekea mchongaji wa vyuma kielelezo. Na ikiwa kweli halitengenezeki, mchango uanze, nasi tutakuwa tunajua tunalipia nini.

Wenye kupinga wanasema: tukiliharibu, nani atawajibika? Swali hilo ni la haki. Kama dhamana ya muuzaji ingalikuwa hai, nami ningesema tusiliguse. Lakini muda wake umekwisha. Sanduku limekwisha kufa. Hofu yetu yanikumbusha yule mtumishi wa tatu katika mfano wa talanta. Twamwita mvivu, lakini tutazame alichofanya: hakuiba, hakupoteza, hakuvunja kitu. Alirudisha talanta nzima, na hesabu zake zingepita mbele ya kamati yoyote. Alihukumiwa kwa sababu alilinda mali asilaumiwe, akasahau mali ile ilikuwa ya kazi gani.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mwanadamu mwenye kufanya kazi yu mbele ya mtaji na zana zake. Basi mashine ipo kwa ajili ya vijana. Hata huko zinakotoka bidhaa nyingi za namna hii, watu wamechoka kufungiwa: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria ya kuwarahisishia raia wake kutengenezewa vifaa kama mashine za kufulia na friji. Haitufikii sisi, wala haihusu randa yetu, lakini yaonyesha kwamba neno "halifunguliwi" huweza kujadiliwa.

Nasi Katanga hatukosi walimu. Wapo wazee waliotumika katika karakana za reli na za migodi, waliozoea kufungua masanduku ya gia makubwa kuliko meza ya altare. Wengi wao wameketi nyumbani, hakuna awaulizaye neno.

Mmoja wao, muumini wa parokia yetu, amekubali kuja Jumamosi yoyote kamati itakayoichagua. Hataki malipo. Ameomba meza safi karibu na dirisha, sinia la kuwekea skurubu kwa utaratibu zilivyotoka, vijana wanne wasiozidi, na nyundo ya chuma ifungiwe kabatini hadi jioni.