Tela la baiskeli lina kosa gani?

Leo nataka tuongelee kitu tunachokiona kila siku barabarani ila hatukiulizi maswali: mizigo mirefu na mizigo mikubwa juu ya baiskeli. Mbao, mirunda, mabati, magodoro, magunia ya mkaa yanayoshuka alfajiri kutoka Kisarawe kuja Gongo la Mboto. Tukiiona tunasema "duh, huyu jamaa ana nguvu", halafu tunapita. Basi.

Kwanza niseme naongea kama nani. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kunipeleka mbele, nikaanza kubeba mbao kwa baiskeli kutoka kwa wauza mbao kwenda kwa mafundi. Mbao ya mbili kwa nne kawaida ina futi 12, yaani mita tatu na nusu na zaidi. Baiskeli yenyewe haifiki mita mbili. Unaifungaje? Unailaza ubavuni, ncha moja inapita mbele ya usukani, nyingine inaning'inia nyuma. Kupanda huwezi, unasukuma. Na ukikata kona kidogo tu, ile ncha ya nyuma inafagia barabara nzima.

Siku moja pikipiki ikagusa ncha ya nyuma. Mbao zikageuka, zikanipiga, nikaenda chini nazo. Mkono ukavunjika, wiki sita niko na hogo, na mbao mbili zilizopasuka nikalipa mimi.

Nilipopona nikamfuata fundi wa kuchomelea hapo mtaani. Tukatengeneza tela: ringi mbili kuukuu za baiskeli, bomba la chuma refu katikati, na pini ya kuunganisha chini karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma. Sio kitu cha ajabu. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu.

Wadau, tofauti yake si mchezo, na sababu yake ni hesabu ndogo tu. Ukiweka kilo 100 kwenye keria, zote 100 zinakaa juu ya baiskeli, nyingi nyuma ya ekseli, ndo maana gurudumu la mbele linataka kunyanyuka na usukani unakuwa mwepesi kama umelewa. Ukiziweka kwenye tela, matairi ya tela ndiyo yanayobeba. Tuseme katikati ya mzigo iko sentimita 10 mbele ya ekseli ya tela, na kutoka ekseli hiyo mpaka kwenye pini ni mita moja. Baiskeli inabeba kilo 10 tu. Kilo 10! Zilizobaki 90 ziko chini, karibu na lami, zinakufuata nyuma. Ila mzigo usikae nyuma ya ekseli, maana hapo tela litakunyanyua keria na kuanza kuyumba. Na kwa mzigo mrefu sana unasogeza matairi nyuma, ili ncha isibaki hewani.

Nikapiga kazi. Halafu siku moja mgambo wa mji mmoja (sitautaja) wakanisimamisha. Kosa langu? Eti chombo hiki hakitambuliki. Nikalipa faini, tela likabaki kwao mpaka leo. Sasa sikilizeni hii. Wakati wananiandikia ile karatasi, alipita mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, yamempita kichwa, mbele haoni. Hakuna aliyemgusa. Mmoja wao akampisha njia na kumwamkia, "Shikamoo mzee".

Hapo ndo hoja yangu ilipo. Simlaumu yule mzee, namheshimu kama walivyomheshimu wao. Ila jiulizeni: kati yake na mimi, nani alikuwa hatari zaidi barabarani siku ile? Sisi tumeizoea hatari ya zamani mpaka hatuioni tena. Kinachotushtua ni kitu kipya, hata kama hicho kipya ndicho kinachopunguza hatari. Na mtu wa chini akibuni kitu, swali la kwanza ni "kibali kiko wapi?", sio "kinafanyaje kazi?"

Wengine watasema, tela la nini wakati kuna toyo na pikipiki? Sawa, zipo. Lakini zinakunywa mafuta. Mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, petroli hapa Dar ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Nani alilipa tofauti ile? Mama mwenye genge na fundi mwenye kitanda kimoja cha kupeleka kwa mteja. Kwa safari ya kilomita mbili tatu ndani ya mtaa, huna haja ya kuchoma mafuta ili kusogeza mbao sita.

Halafu tutazame wenzetu. Ujerumani, nchi inayotengeneza magari tunayoyaota, kuanzia Machi 2021 serikali kuu ilianza kuwachangia wafanyabiashara asilimia 25 ya bei ya baiskeli za mizigo zenye mota, pamoja na matela ya baiskeli yenye mota, mwisho euro 2,500. Sharti mojawapo: libebe angalau kilo 120. Kwa hiyo kitu cha aina hiyo kule kilichangiwa na hazina, huku kinatozwa faini. Sisemi tuwaige kila kitu. Nasema tusione aibu na chombo chetu wenyewe, maana mizigo kwa baiskeli hatukufundishwa na Mjerumani.

Na si kwamba hatuna pa kuanzia. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulioanza kazi mwaka 2016 ulikuja na njia za baiskeli pembeni ya Barabara ya Morogoro. Njia zipo, shida ni nani anazitumia. Mimi kila nikipita nakutana na bodaboda, na mara nyingine gari limeegeshwa kabisa. Tena kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya mikopo, ambapo vijana wana 4. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024. Vikundi vingi ninavyovijua vinaomba pikipiki. Kwa pesa ya pikipiki moja, ungechomelea matela mangapi?

Sasa nisije nikaonekana nashabikia tu. Tela lina matatizo yake. Kwenye mteremko linakusukuma, na hizi baiskeli zetu nyingi breki zake za nyuma ni za kubahatisha. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki unaongezeka kama mara nne, na mzigo haukusubiri. Kwenye kona tela linakata ndani kuliko baiskeli, usipolijua litampitia mtu mguu. Usiku bila kiakisi mwanga ni kaburi. Na barabara kuu yenye malori sio mahali pake, tusidanganyane.

Lakini hayo yote yana dawa, na dawa sio kunyang'anya. Halmashauri ziandike kwenye sheria ndogo mambo machache: upana usizidi kiasi fulani, breki mbili zinazoshika, viakisi nyuma, kitambaa chekundu kwenye ncha ya mzigo mrefu, na namba. SIDO na VETA watoe mchoro mmoja wa pini imara, maana pini ikikatika ndo balaa linaanzia hapo. Mwenye tela bovu aambiwe arekebishe, mwenye zima aachwe apite.

Mimi kwa sasa nimerudi kufunga mbao ubavuni, kama zamani. Mkono ule ule uliovunjika ndio unaoshika ncha ya mbele. Nikikutana na mgambo siku hizi hawanisimamishi. Natambulika.

Haya wadau, hasa mnaobeba na mnaobebewa, mnasemaje? Tuko pamoja.