MGENI NA KUNDI LAKE

Kila mwanzo wa mwaka, wanafunzi wapya wa Kidato cha Kwanza hulaumiwa kwa jambo moja: kila mmoja hutafuta watu wa kwao, akala nao na kutembea nao. Kwa maoni yangu lawama hiyo huwaangukia wasiostahili. Nitaeleza kwa mfano wa samaki.

Yuko samaki mdogo mweupe, mwenye mistari mitatu myeusi, akaaye katika matawi ya matumbawe. Wataalamu wamemchunguza sana huko Australia. Mayai yake yakianguliwa, watoto huchukuliwa na maji hadi bahari kuu kwa majuma matatu hivi. Kisha hurudi mwambani, mara nyingi usiku, wakiongozwa na sauti na harufu za mwamba. Hapo mtoto hatui penye tumbawe lolote tu. Hupendelea lile lenye wenzake wa aina yake, ambao huwatambua kwa harufu. Ana sababu njema. Penye wengi pana macho mengi ya kumwona adui, na samaki asiyefanana na wenzake huonekana upesi, akaliwa.

Lakini usalama huo una gharama. Imeonekana kwamba katika kundi kubwa watoto hufa wachache, ila hukua polepole. Wakubwa hutangulia kula chakula kiletwacho na mkondo, nao huwafukuza wadogo.

Basi, mgeni huwatafuta walio kama yeye kwa sababu ya hofu. Yafaa tujiulize sisi wakubwa: anamwogopa nani? Ikiwa sisi ndio tunaotangulia kupakua chakula, na kumtuma achote maji wakati wa kujisomea, atawezaje kuacha kujificha kwa watu wa kwao?

Wazazi watasema kwamba watu wa kwao humsaidia. Ni kweli, kwa muhula wa kwanza. Lakini samaki hana njia nyingine, na sisi tunayo. Nashauri kuanzia muhula wa pili meza na vitanda vipangwe kwa kuchanganya wilaya na vidato, kila mkubwa apewe mdogo mmoja wa kumwangalia, na wadogo wapakuliwe kwanza. Hapo ndipo tutakapojua kama wageni hupenda kujitenga, au ni sisi tunaowatenga.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne