Kushika Fomula Kichwani Haiko Kujua



Kila mara kisha enterogasio ya hesabu, kelele ni ile ile: «Nilishika fomula muzuri, lakini swali lilikuja namna ingine.» Mawazo yangu ni haya: fomula haina kosa. Kosa ni kushika maneno bila kujua yanasema nini. Tuchukue ekwasio ya mstari, maana njo inasumbua wengi wetu.

Mstari ulionyoka una tabia moja: unapanda ao unashuka kwa kipimo kimoja tu, mwanzo hata mwisho. Basi ukipewa pointi mbili, uulize maulizo mawili. La kwanza: x ikiongezeka moja, y inaongezeka ngapi? Ile tunaitaka pente, m. La pili: x ikiwa sifuri, y iko ngapi? Ile ni b. Kisha andika y = mx + b. Ni hivyo tu.

Huku Kivu tunajua chukudu. Tuseme mwenye chukudu anaomba feza ya kupakia, kisha bei moja kwa kila mufuko. Mama mmoja amelipa franka 2000 kwa mifuko 2, mwingine amelipa 3500 kwa mifuko 5. Mifuko imeongezeka 3, feza imeongezeka 1500. Basi mufuko mmoja ni 500. Mifuko 2 ingekuwa 1000, lakini mama alilipa 2000. Basi ya kupakia ni 1000. Tunaandika y = 500x + 1000. Yule anayejua kuzidisha tu atasema: «Mifuko 2 ni 2000, basi 5 ni 5000.» Amepoteza 1500 bure! Hesabu yake inafaa tu kama mstari unapita kwa sifuri.

Sasa kitu kinachonipendeza zaidi: hakuna lazima ya kungoja mwalimu akuambie kama ni kweli. Weka 2 fasi ya x: unapata 2000. Weka 5: unapata 3500. Pointi zote mbili zimekubali, na kwa pointi mbili unapita mstari mmoja tu. Jibu ni kweli, hata kama jirani ameandika lingine. Pointi moja ikikataa, rudilia kazi. Ndiyo sababu ninasema ya kama kuchungulia karatasi ya jirani si ubaya tu, ni ujinga pia: unaiba kitu usichojua kama ni kizima, na mzani uko mkononi mwako! Hata katika Examen d'État, fasi majibu yanawekwa mbele yako uchague, mwenye kujua kujaribu pointi hatishwi.

Fomula ya kushika tu inaanguka siku ya pointi (3, 1) na (3, 7). y imeongezeka 6, x imeongezeka 0, na hatuwezi kugawanya kwa sifuri. Mwenye kukariri anaacha fasi tupu. Lakini angechora kidogo, angeona mstari umesimama kama nguzo: x iko 3 siku zote. Ekwasio yake ni x = 3, basi. René Descartes, Mfaransa, alichapisha mwaka 1637 kitabu kilichounganisha mistari na ekwasio. Faida yake ni hii: mchoro unachunga hesabu, na hesabu inachunga mchoro. Kwa nini tutupe kimoja?

Wengine wanasema: «Sisi ni wa pedagogi, tutafundisha primaire. Mistari ya nini?» Wandugu, ninyi njo mtakaokaa mbele ya watoto. Siku mtoto akiuliza «Kwa nini?», utamujibu «Andika tu kama ilivyo ubaoni»? Ni vile ugonjwa huu unapita toka kizazi hata kizazi.

Ninaomba jambo moja kwa etidi ya magaribi. Mbele ya kushika fomula, chora mstari, umweleze mwenzako kwa Kiswahili, kisha mujaribu pointi pamoja. Kifaransa kitafuata. Kama huwezi kueleza kwa luga ya nyumbani, bado hujashika kitu, hata kama kaye imejaa.

Mwenye mawazo mengine aandike katika namba ijayo. Tutasoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Pedagogi