Mvua Haikujenga Bwawa la Solai

KILA mvua ya masika ikianza, hapa Free Area stori huwa ni ile ile: mtaro umeziba, maji yameingia kwa ploti, na mzee fulani anasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitajifanya injinia. Lakini hayo maneno nimeyachoka, na sababu ninayo.

Usiku wa Mei 9, 2018, ukuta wa bwawa la Patel kule Solai, kaunti hii hii yetu ya Nakuru, ulipasuka. Maji na matope yalisomba nyumba zilizokuwa chini yake. Zaidi ya watu 40 walikufa, watoto wakiwemo. Mvua ilikuwa kubwa, hakuna anayekataa. Lakini si mvua iliyojenga lile bwawa. Baada ya mkasa, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilisema halikuwa na kibali. Sasa jiulize: bwawa si sindano. Lilikaa pale miaka yote hiyo bila mtu kuliona?

Miaka sita baadaye ikawa zamu ya Mai Mahiu. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, watu wakiwa usingizini, maji yalishuka kwa nguvu na kuua zaidi ya watu 45. Mwanzoni tuliambiwa ni bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, yakaongezeka, hatimaye tuta likaachia.

Shuleni tulikariri tarehe za majanga, mtihani ukaisha, tukasahau. Ni afadhali tungefunzwa kuuliza maswali matatu. Kwanza, nini kilianzisha janga? Hapo jibu ni mvua. Pili, ni kitu gani kilikuwa kimeharibika tayari, na nani alipaswa kukikagua? Tatu, kwa nini watu walikuwa wakiishi pale? Mara nyingi ni kwa sababu kazi iko hapo, au ndipo shamba la bei nafuu lilipatikana. Ukijibu la kwanza tu, hakuna wa kuulizwa chochote, na tutazika tena.

Na madhara hayaishi siku ya mazishi. Kuna watoto wa Solai waliobaki bila wazazi. Watu tisa walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwaka wa 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia, baadaye Mahakama Kuu ikaamuru kesi iendelee. Familia ikisubiri hivyo, kidonda hakifungi.

Vijana wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu tunauruka kila asubuhi tukienda stejini. Wiki hii angalia mtaro wa mtaa wako. Umejaa chupa za plastiki? Hizo si zetu sisi wenyewe? Tuzitoe. Umejengewa juu? Piga picha, mpelekee mwakilishi wadi, uliza nani aliidhinisha. Kaunti ikiita kikao cha umma kuhusu bajeti, tusiwaachie wazee peke yao.

Maji yakishaingia kwa nyumba, kazi inabaki ni kuokoa watoto na magodoro. Swali la mtaro linaulizwa sasa, kukiwa kumekauka.